Kujifunza Kuandika Programu za Kompyuta: Anayeanza Aanze na Hesabu Anazozijua

Katika vijiji vya Tarasaa, Ngao na Golbanti, na katika mji wa Garsen, simu janja imekuwa kitu cha kawaida mikononi mwa vijana. Simu hiyo hiyo inayotumiwa kutuma pesa na kutazama video inaweza pia kutumiwa kuandika programu za kompyuta. Mtu hahitaji kuwa amefika chuo kikuu wala kumiliki kompyuta ndipo aanze. Anachohitaji ni saa chache kila wiki, subira, na kazi ndogo ya kweli ya kufanyia mazoezi.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika mara nyingi. Anayeanza hupakua masomo, akakariri maneno mapya, akajaza daftari, kisha baada ya mwezi mmoja hana kitu alichokitengeneza na hamu imemwisha. Makala hii inaeleza njia nyingine, ya kujifunza kwa kutengeneza. Inatumia kazi tatu zinazofahamika katika eneo la Garsen: mauzo ya maembe, hesabu ya chama, na kumbukumbu ya kina cha Mto Tana.

Programu ni nini?

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta au simu huyafuata moja baada ya jingine, kuanzia juu kwenda chini. Mzazi akimtuma mtoto dukani na kumwambia alete sukari, mtoto anajua ni duka gani, ni kiasi gani, na kwamba chenji irudi nyumbani. Kompyuta haijui lolote kati ya hayo. Hufanya lile lililoandikwa tu, hata kama lililoandikwa si lile lililokusudiwa. Kuandika programu, kwa hiyo, ni kujizoeza kueleza jambo kikamilifu bila kuacha pengo.

Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalum. Zipo nyingi, lakini inayopendekezwa sana kwa wanaoanza ni Python. Iliundwa na Guido van Rossum, mtaalamu kutoka Uholanzi, na toleo la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Ni ya bure, na inatumiwa shuleni, katika benki na katika vituo vya utafiti duniani kote.

Kiingereza kisimtishe mtu. Maneno maalum ya Python ni 35 tu, na anayeanza anaweza kwenda mbali akitumia kama kumi. Majina mengine yote mwandishi hujichagulia mwenyewe, na hakuna kinachomzuia kuyaandika kwa Kiswahili, Kipokomo au Kiorma.

Kwa watoto wadogo ipo Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 2007. Mtoto haandiki maneno bali huunganisha vipande vya rangi kama anayejenga nyumba ya vibao, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazopatikana humo.

Kwa nini kujifunza kwa kutengeneza?

Shule tayari zinaijua njia hii. Katika mtihani wa KCSE, somo la Kompyuta lina karatasi tatu: ya nadharia, ya vitendo, na ya tatu ambayo ni mradi. Katika mradi mtahiniwa hutafuta tatizo la kweli, kwa mfano kumbukumbu za maktaba au za zahanati, kisha akatengeneza mfumo wa kulitatua na kuandika maelezo yake. Anayejifundisha nyumbani anaweza kuanzia hapo hapo, ila kwa kiwango kidogo.

Historia ya nchi pia ina mfano mkubwa. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache walitengeneza katika muda wa siku chache, mwezi Januari 2008, mfumo wa kupokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi na kwa intaneti, na kuzionyesha kwenye ramani. Waliuita Ushahidi. Haukuwa umekamilika ulipoanza kutumika. Uliboreshwa ukiwa kazini. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, mfumo huo ulitumiwa huko kukusanya taarifa za waliohitaji msaada. Mwaka huo huo wa 2010, jijini Nairobi, wasichana watatu walianzisha M-Farm, huduma iliyomwezesha mkulima kuuliza bei ya mazao kwa ujumbe mfupi.

Kazi hizo zilifanywa na watu waliokuwa tayari na ujuzi, na anayeanza leo asitarajie kufikia hapo kwa mwezi mmoja. Funzo lililomo ni kwamba zilianza na swali lililokuwa likiwasumbua watu.

Kwa anayeanza ipo kanuni moja zaidi, nayo ndiyo nguzo ya makala hii: achague kazi ambayo jibu lake anaweza kulihakikisha kwa kalamu na karatasi. Programu yenye kosa mara nyingi haisimami wala haipigi kelele. Hutoa jibu lililonyooka, lenye tarakimu safi, na lisilo sahihi. Mkulima anayejua bei ya maembe ataligundua kosa hilo kwa kutupa jicho tu. Anayefanya zoezi la kitabu kuhusu bidhaa asiyoijua atalipita. Ujuzi wa shamba, wa chama na wa mto, ambao wakazi wa Tarasaa wanao tayari, ni mtaji katika kazi hii.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa mwenye simu ya Android, ipo programu iitwayo Pydroid 3. Ikishapakuliwa mara moja hufanya kazi bila intaneti, jambo linalofaa mahali ambapo mtandao ni dhaifu au bando limekwisha. Ni vizuri kuipakua mahali penye mtandao mzuri, kwa sababu ni nzito kiasi.

Kwa mwenye kompyuta, hata ya zamani, Thonny ni chaguo zuri. Ni ya bure, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia mahsusi kwa wanaoanza, na huja na Python ndani yake. Asiye na kompyuta anaweza kutumia ya saiba kwa nusu saa, lakini ahifadhi kazi yake kwenye kidude cha kumbukumbu au kwenye barua pepe yake kabla ya kuondoka.

Kitu cha tatu ni daftari na kalamu. Kila programu ianze kwenye daftari: ni nini kinachojulikana, ni nini kinachotafutwa, na hesabu yake inafanywaje kwa mkono.

Kazi ya kwanza: maembe yauzwe wapi?

Msimu wa maembe unapofika, swali ni lile lile kila mwaka. Dalali amekuja shambani na bei yake. Huko barabarani, kwa mfano Minjila, bei ni nzuri zaidi, lakini kuna gharama ya kusafirisha. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba dalali anatoa shilingi 8 kwa embe shambani, bei ya barabarani ni shilingi 11, na gari la kubeba mzigo ni shilingi 1,200, ni wapi kuna pesa zaidi?

Programu yake ina mistari minne:

jibu = input("Maembe mangapi? ")
maembe = int(jibu)
print("Shambani:", maembe * 8)
print("Barabarani:", maembe * 11 - 1200)

Mstari wa kwanza unauliza swali na kuweka jibu katika kisanduku kilichopewa jina "jibu". Mstari wa pili unaligeuza jibu hilo kuwa namba. Mistari miwili ya mwisho inapiga hesabu na kuandika matokeo kwenye kioo. Alama ya nyota ni ya kuzidisha.

Mtu akiandika 300, programu itaonyesha shilingi 2,400 shambani na 2,100 barabarani. Akiandika 500, itaonyesha 4,000 shambani na 4,300 barabarani. Akiandika 400, majibu yanalingana, 3,200 kwa 3,200. Kwa bei hizo, basi, mwenye maembe yasiyofika 400 hana sababu ya kukodi gari peke yake. Wawili wenye maembe 250 kila mmoja wakikodi gari moja, hesabu inageuka. Mistari minne imetoa jambo la kujadiliana na jirani.

Hapa pia ndipo somo la kwanza la makosa lilipo. Mstari wa pili ukiandikwa "maembe = jibu", bila neno int, programu itachapisha 300300300300300300300300, kisha itakwama kwenye mstari wa nne. Sababu ni kwamba kompyuta hupokea kila kinachoandikwa kama maandishi, si namba. Ikiambiwa kuzidisha maandishi kwa 8, huyarudia mara nane. Aliyeliona kosa hili kwa macho yake hatasahau tofauti kati ya maandishi na namba, hata kama alilisoma kitabuni mara tatu bila kulielewa.

Programu ikishafanya kazi, ndipo iongezwe kidogo kidogo. Hatua nzuri inayofuata ni kuifanya iulize pia bei na gharama ya gari, badala ya kuziandika ndani. Kisha yaingizwe maembe yanayooza njiani.

Kazi ya pili: hesabu ya chama

Vikundi vya kuweka na kukopeshana ni tegemeo la nyumba nyingi. Pia ni mahali ambapo kosa la hesabu linaweza kuvunja urafiki wa miaka. Kwa hiyo kazi hii inafundisha vitu viwili kwa pamoja: namna kompyuta inavyorudia jambo, na uangalifu kwa pesa za watu.

Akiba ya wanachama watano kwa wiki moja inaweza kujumlishwa hivi:

akiba = [500, 500, 300, 500, 200]
jumla = 0
for kiasi in akiba:
    jumla = jumla + kiasi
print("Jumla:", jumla)

Mabano ya mraba yanashika orodha. Neno for linaiambia kompyuta ichukue kila kiasi kimoja kimoja na kufanya kilichoandikwa chini yake. Nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari wa nne si urembo. Ndizo zinazoonyesha kwamba mstari huo uko ndani ya marudio. Zikiondolewa, programu itakataa kwenda. Jibu ni 2,000, na mweka hazina anaweza kulihakikisha kwa vidole.

Ugumu unakuja kwenye mikopo. Mwanachama amekopa shilingi 3,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na hakulipa chochote kwa miezi mitatu. Anadaiwa kiasi gani? Programu inaweza kuandikwa hivi:

deni = 3000
for mwezi in range(3):
    deni = deni + deni * 10 / 100
print("Deni:", deni)

Jibu ni 3,993. Lakini mstari wa tatu ukiandikwa "deni = deni + 3000 * 10 / 100", jibu ni 3,900. Programu zote mbili ni sahihi kwa kompyuta. Ya kwanza inatoza riba juu ya riba. Ya pili inatoza riba juu ya mkopo wa awali peke yake. Tofauti ni shilingi 93 kwa mkopo mdogo wa miezi mitatu, na hukua kadiri mkopo na miezi inavyoongezeka.

Kompyuta haiwezi kuamua ni ipi ya haki. Hilo huamuliwa na katiba ya chama, na ikiwa katiba haisemi wazi, programu imefichua pengo ambalo lingeleta ugomvi siku moja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuandika mstari wa hesabu ya pesa za watu, anayejifunza aulize kwanza: wanachama wamekubaliana nini? Na programu ikishakamilika, daftari la mkono lisitupwe. Viwili hivyo viende sambamba kwa miezi kadhaa, na kila mkutano jumla zilinganishwe mbele ya wanachama.

Jambo jingine ni faragha. Wakati wa mazoezi, wanachama waandikwe kwa namba, si kwa majina, na nambari za vitambulisho na za simu zisiingizwe kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu maalum na azilinde. Simu ya mwanafunzi inayopita mikononi mwa marafiki si mahali pa kuweka siri za chama.

Kazi ya tatu: daftari la mto

Wakazi wa delta hawahitaji kuelezwa maana ya mto kupanda. Mafuriko ya mwaka 2018, ya mwisho wa 2023 na ya 2024 yaliwahamisha watu na kuharibu mashamba. Mto unaweza kujaa Garsen bila tone la mvua kunyesha huko, kwa sababu maji yanatoka mbali: nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, yakipitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa, ndipo yafike chini.

Anayejifunza anaweza kutumia vipimo vya kina cha mto kama mazoezi ya kutunza na kusoma data. Si lazima vipimo viwe vyake. Mtu asiende ukingoni peke yake kupima, kwani mto una mamba na viboko, na kingo huporomoka. Namba za mfano zinatosha, kama hizi za siku tano, kwa mita:

vipimo = [2.1, 2.2, 0, 2.6, 3.0]

Siku ya tatu hakuna aliyesoma kipimo, kwa hiyo mwandishi akaweka sifuri. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini wastani wa namba hizo tano ni mita 1.98, kiasi kilicho chini ya kila kipimo kilichosomwa kweli. Na programu inayolinganisha leo na jana itadai kwamba mto ulikauka siku ya tatu, kisha ukapanda mita 2.6 kwa usiku mmoja. Vipimo vinne vya kweli pekee vina wastani wa karibu mita 2.48.

Sifuri maana yake ni kwamba kilipimwa na hakukuwa na kitu. Kutopima ni jambo jingine, na Python ina neno lake, None. Programu iliyo makini huandikwa hivi:

vipimo = [2.1, 2.2, None, 2.6, 3.0]
jana = None
for leo in vipimo:
    if leo is None:
        print("Hakuna kipimo")
    elif jana is not None and leo - jana > 0.3:
        print("Mto umepanda haraka:", leo)
    jana = leo

Neno if lina maana ya "ikiwa", na elif ni "la sivyo, ikiwa". Programu inapitia siku moja moja. Siku isiyo na kipimo inasema hivyo waziwazi. Siku iliyo na kipimo inalinganishwa na ya jana, ikiwa ya jana ipo, na mto ukiwa umepanda zaidi ya sentimita 30, inaonya. Kwa namba hizi itaandika "Hakuna kipimo" kwa siku ya tatu na "Mto umepanda haraka: 3.0" kwa siku ya tano.

Hata hivyo, siku ya nne imepita kimya, ingawa mto ulipanda sentimita 40 tangu kipimo cha mwisho. Programu haikuwa na jana ya kulinganisha, ikanyamaza. Je, ingefaa inyamaze, au ingefaa ilinganishe na juzi? Swali hilo halina jibu ndani ya kompyuta. Anayejifunza analijibu kwa kufikiria ni kosa lipi lina madhara zaidi, kuonya bure au kukosa kuonya.

Kwa sababu hiyo, programu ya mazoezi isitumiwe kamwe kuwaonya watu au kuwatuliza. Isisambazwe kwenye vikundi vya WhatsApp kana kwamba ni tahadhari. Utabiri na tahadhari hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, hali ya mabwawa hutangazwa na KenGen, na vituo vya kupima mto viko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wakazi wafuate matangazo hayo pamoja na maelekezo ya machifu na ya maafisa wa dharura. Faida ya zoezi hili kwa mkazi ni kuelewa jinsi maonyo hayo yanavyotengenezwa, na kwa nini kipimo kimoja kilichokosekana ni jambo zito.

Programu inapokataa

Kila anayeandika programu, awe wa siku mbili au wa miaka ishirini, hukutana na maandishi ya makosa kila siku. Si adhabu, na hayamaanishi kwamba simu imeharibika. Husomwa kuanzia mwisho: mstari wa mwisho unataja aina ya kosa, na juu yake pametajwa nambari ya mstari wenye tatizo. Matatu hutokea sana kwa wanaoanza:

- NameError: jina halijulikani. Mara nyingi limeandikwa vibaya. Kwa Python, "maembe" na "Maembe" ni majina mawili tofauti.
- IndentationError: nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani.
- SyntaxError: alama imesahaulika, kwa mfano nukta mbili mwishoni mwa mstari wa for au mabano ya kufunga.

Wanaotumia simu wajihadhari na alama za kunukuu. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp au kwenye gazeti huweza kuja na alama zilizopinda, na Python huzikataa. Dawa yake ni kuzifuta na kuziandika upya. Kwa jumla ni bora kuandika kila mstari kwa vidole kuliko kunakili, kwa sababu vidole navyo hujifunza.

Hali ni hiyo hiyo kwa programu za akili mnemba zinazoweza kuandika msimbo zenyewe. Zinasaidia kueleza kosa au neno geni. Lakini aliyepewa programu nzima bila kuielewa hatajua kama riba imetozwa kwa njia ya kwanza au ya pili, na siku chama kitakapouliza, hatakuwa na jibu.

Muda, gharama na tahadhari

Kwa anayepata saa moja mara tatu kwa wiki, kazi ya kwanza inaweza kuchukua wiki moja au mbili, ya pili wiki tatu, na ya tatu mwezi. Ni heri wawili au watatu wajifunze pamoja. Anayemweleza mwenzake hugundua asichokielewa, na simu moja inatosha watu wawili.

Masomo ya msingi ya Python yanapatikana bure. Kwa hiyo mkazi afikiri mara mbili kabla ya kulipa pesa nyingi kwa mtu anayeahidi cheti na kazi ya uhakika baada ya wiki chache. Hakuna kozi halali inayohitaji nambari ya siri ya M-Pesa ya mwanafunzi, wala kutuma "ada ya usajili" kwa mtu asiyejulikana ofisi yake.

Kwa wanaotaka kuendelea zipo njia kadhaa. Mpango wa kitaifa wa Ajira Digital hutoa mafunzo ya kazi za mtandaoni bila malipo. Vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo chini ya Katiba ya 2010 viko mikononi mwa serikali za kaunti, ni mahali pa kuulizia kozi za kompyuta. Kwa watoto wa shule, mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu uliotayarishwa na kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na za upili. Kuidhinishwa hakumaanishi kwamba kila shule inaufundisha, kwa hiyo mzazi amuulize mwalimu mkuu.

Kuandika programu hakumhakikishii mtu ajira. Humpa uwezo wa kuligawa tatizo vipande vipande, kupima kila kipande, na kutoamini namba kwa sababu tu imetoka kwenye mashine. Uwezo huo unafaa kwa karani, muuguzi, mfanyabiashara na mkulima sawasawa.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, hatua ni hizi:

1. Apakue Pydroid 3 kwenye simu, au Thonny kwenye kompyuta, akiwa mahali penye mtandao.
2. Aandike mistari minne ya maembe, lakini kwa bei za kweli za kijijini kwake.
3. Apige hesabu hiyo hiyo kwenye daftari kwa idadi tatu tofauti za maembe.
4. Majibu yakilingana, aongeze kitu kimoja. Yasipolingana, asiendelee hadi ajue sababu.